Jeshi la Shimoni

Wahenga walionya kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maana yake ni kuwa haifai kumdharau yule ambaye kesho utamhitaji, hata awe mdogo kiasi gani. Obura wa Makindye, sajini mstaafu, aliijua methali hii vizuri, ila hakudhani kwamba wakunga wanaweza kuishi chooni.

Obura hakuwahi kusifiwa kwa kulenga shabaha. Sifa yake jeshini ilikuwa usafi wa kambi, na vita vya mwaka 1986 vilipokwisha alistaafu na tabia zake zote. Alijenga vyumba vinne vya kupangisha na choo kimoja cha shimo. Kila Jumamosi asubuhi alikikagua akiwa amevaa buti, kisha akamimina shimoni galoni nzima ya dawa ya kuua vijidudu. Wapangaji walisimama milangoni kama makuruta. Harufu ya dawa iliwatoa machozi, naye akadhani ni ya shukrani.

Mpangaji mmoja, Nelima, Mbukusu kutoka Kenya, alifanya kazi kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka. Siku moja alimweleza kwa adabu kuwa shimoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyokula uchafu na kuugeuza maji na hewa. Akiviua, shimo litajaa upesi.

Obura alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Adui ni adui, wewe dada. Sasa unataka mimi sajini nimupikie adui chakula?"

"Chakula unampa kila siku, afande," Nelima akajibu. "Uache sumu tu."

Tangu hapo Obura akaongeza dawa ikawa galoni mbili, akampachika Nelima jina la Mama Vijidudu.

Maji yalizidi unga pale binti wa pekee wa Obura, Amito, alipochumbiwa. Wakwe wangekuja baada ya wiki sita, watu ishirini, wote wenye macho ya kukagua. Juma hilohilo shimo lililochimbwa litumike miaka kumi likajaa, nao ulikuwa mwaka wake wa pili tu, na uvundo ukavuka ua hadi barabarani. Gari la kunyonya taka halikupita kwenye kichochoro, na nafasi ya kuchimba shimo jingine haikuwepo. Amito alilia akisema posa yake imeharibika. Obura, aliyezoea kujigamba kuwa hata kombora halikumtisha, aliona aibu mpaka akashindwa kula.

Akaufyata mkia. Alibisha hodi kwa Nelima, kofia mkononi.

"Dada, wale watu wako wa kule chini," alisema polepole, "wanaweza kurudi?"

Nelima alijikaza asicheke. Alimwagiza aache dawa, akoroge samadi mbichi ya ng'ombe kwenye maji ya uvuguvugu, kwa kuwa tumbo la ng'ombe limejaa vijidudu vya namna hiyo, kisha amimine ndoo moja kila Jumamosi. Basi majirani wakamwona sajini mzima akitembea kwa mwendo wa gwaride na uji wa samadi mkononi. Wiki mbili zikapita bila badiliko, naye akaapa kuwa amelogwa. Wiki ya nne uvundo ukapungua. Kufikia ya sita uchafu ulikuwa umeshuka zaidi ya urefu wa mkono.

Wakwe walifika, wakala, wakashiba, na choo kikawapokea mmoja mmoja bila kinyongo. Jioni mjomba wa bwana harusi, mzee mpenda usafi, akaelekea huko na chupa ya dawa aliyotoka nayo kwake, akisema anataka kuwasaidia wenyeji. Obura aliruka kutoka kitini, akasimama mlangoni mwa choo, mikono ameitandaza.

"Mzee wangu, usiwamwagie," alisema. "Wako kazini, na wewe mwenyewe bado hujaingia."

Nelima, aliyeketishwa kiti cha mbele kama shangazi wa bibi harusi, aliinamia sahani yake akicheka mpaka machozi, na safari hii hayakuwa ya dawa. Hakika, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.