Bega la Wifi

Eeh, hiyo sikuisoma popote, wajukuu zangu, shule yenyewe nilikomea darasa la pili. "Si kila akusukumaye anakutupa." Mnauliza imetoka wapi. Imetoka hukuhuku kwetu, kwenye miti ya mizinga ya nyuki, na ilivyoanza ni hivi.

Palikuwa na mama akiitwa Kalunde. Mumewe, Mihambo, alikuwa mrina asali. Homa ikamchukua upesi, mtu na nguvu zake. Kalunde akabaki na watoto wawili na mkeka. Analia, analala, anaamka analia. Matanga yakaanuliwa, yeye yuko palepale. Na enzi hizo mjane asiyeweza kulisha nyumba, ukoo wa mume ulimrudisha kwao, na watoto haendi nao. Hilo alilijua, ndiyo maana alimwogopa kila aliyepiga hodi.

Hasa wifi yake, Nyanzobe, dada wa marehemu. Mwanamke mdomo huyo. Kila asubuhi yuko mlangoni.

"Wifi, mizinga ya kaka imejaa. Unamwachia nyegere?"

"Mwanamke hapandi mti wa mzinga."

"Nani kasema? Nyuki?"

Kalunde akawaza moyoni: huyu ana haraka gani? Nikianguka, nyumba itakuwa ya nani? Watoto je? Siku Nyanzobe alipoleta kamba ya marehemu ya kupandia, Kalunde alingoja apewe kisogo, akaipitisha yote vidoleni akitafuta palipokatwa. Hapakuwepo. Ndiyo kwanza akazidi kushuku: basi ana njia nyingine. Mtu akianza kushuku, hata salamu anaigeuza aone upande wa pili. Nina jirani yangu wa hivyo, lakini tumwache.

Kilichomwinua ni watoto kulia njaa, na chungu kitupu. Jua lilipopoa akachukua mwenge wa magome wa kufukizia nyuki, Nyanzobe akaja kumsindikiza.

"Tangulia wewe," akamwambia wifi.

Njia nzima alimweka mbele, apate kuona mikono yake.

Wakafika kwenye mti. Kalunde akajizungushia kamba kiunoni na shinani, akapanda. Katikati shina lilikuwa laini, miguu ikateleza. Akakwama, juu hapafikiki, chini hapatazamiki. Mara akahisi kitu kinamsukuma nyayo. Bega la Nyanzobe.

"Unanifanya nini?"

"Nakusukuma. Panda."

"Unataka nife, uchukue watoto."

Nyanzobe akakaza miguu, uzito wa mtu uko begani.

"Watoto ninao," akasema. "Wako ng'ambo ya mto, kwa ukoo wa marehemu mume wangu. Nilipofiwa nilikaa mkekani kama wewe. Watu wakanihurumia, wakaniacha nilie, mpaka siku ya kuja kunitoa. Hakuna aliyenisukuma. Leo nikipita, wanangu wananiamkia kama mgeni. Kaka nimeshamzika, wifi. Sitaki na wewe uondoke. Sasa panda, mguu wako mzito kama wa ng'ombe."

Kalunde alilikanyaga lile bega kwa nguvu zake zote, akashika tawi. Hata huko juu alichungulia chini aone kama wifi hajamkimbia. Tabia haitoki upesi. Wifi yupo, amekumbatia shina. Basi akafukiza, akatia mkono mzingani. Nyuki walimuuma, sitawadanganya. Akamlilia Mihambo hukohuko juu, huku anatoa masega.

Wazee wa ukoo walipokuja baadaye walikuta nyumba ina chakula, wakarudi zao, mama na watoto wakabaki. Lakini jioni ileile ya kupanda mti, jirani aliwapa unga kwa kibuyu cha asali, Nyanzobe akasonga ugali. Kalunde uso umevimba, jicho moja halifunguki.

"Wifi," akasema, "nilikudhania vibaya. Kumbe si kila akusukumaye anakutupa."

"Hata kamba ulivyoikagua nilikuona. Nawa mikono, ugali unapoa."

Wakakaa wote, watoto katikati, wakala.