Siku Sekela Alipoanika Umeme

Jua halina mwenyewe, lakini waya una watu. Mmeisikia methali hii kwa fundi wa umeme mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haya, tulieni, ninyi msiojua kutulia, maana chanzo chake ni hiki.

Kule Tukuyu, Sekela muuza maziwa alinunua paneli za jua moja moja mpaka paa likajaa. Maziwa yake hayakuharibika tena. Lakini mchana umeme ulizidi mahitaji yake, na hilo lilimkosesha raha: chakula kinamwagika, jirani ana njaa! Akaomba kuunganishwa na laini ya umeme, ziada iwafae wengine. Ofisini wakamwambia asubiri mkaguzi, ambaye pia angemfungia kifaa cha kukata umeme wake kila laini inapozimwa.

Sekela na kusubiri walikuwa paka na panya. "Nikianika mahindi naomba ruhusa kwa nani?" alifoka. "Jua halina mwenyewe!" Akamwita fundi wa mtaani, wakaunganisha kimya kimya. Majirani wakamsifu, naye akavimba kichwa.

Asubuhi moja upepo uliangusha mti juu ya laini. Umeme ukazimwa eneo zima, na Ambakisye, mdogo wake Sekela wa tumbo moja, fundi wa laini, akapanda nguzo. Sekela alisimama chini na ndoo ya maziwa, akimtazama kwa fahari. Mara akaona taa ya jirani inawaka. Umeme umezimwa, inawakaje? Ni umeme wa paa lake, umeingia kwenye laini.

Ndoo ikaanguka. "Amba! Usiguse waya!"

"Umezimwa, dada!" Ambakisye akacheka, mkono ameshaunyoosha.

"Wangu haujazimwa! Naapa kwa kaburi la mama, shuka!"

Mkono ukasita. Akatoa kipimo chake, akakisogeza kwenye waya, kikalia: waya una umeme. Alishuka, akaketi pale pale kwenye maziwa yaliyomwagika.

"Dada," akasema, "jua halina mwenyewe, sawa. Na mimi je?"

Sekela alikimbia nyumbani akazima swichi, akalia kwa uchungu na aibu. Waya ule ukaondolewa siku ile ile, na safari hii mkaguzi akasubiriwa mpaka alipofika.

Tangu hapo, kila aliyemjia na haraka ya kujiunganishia, Sekela alimpeleka kwenye nguzo ile, akamwambia atazame juu. Kisha alimwambia: jua halina mwenyewe, lakini waya una watu.