Ukuta wa Katikati

Ndugu zangu, halmashauri moja ya mashambani zamani haikuwa na hela, basi ikawajengea watu nyumba kwa vitu vilivyokuwepo: matofali mabichi ya udongo, miti ya porini, nyasi juu. Zilijengwa mbili mbili, kila mbili zikichangia ukuta mmoja wa katikati. Msizidharau. Watu walizaa humo na wakazeekea humo, maana udongo ukifunikwa vizuri hauna ugomvi na mtu.

Katika nyumba mojawapo aliishi mzee na mkewe, na mke alikuwa hoi kitandani, kifua kimembana. Masika yakaanza, paa likavuja. Mzee akahangaika. Nyasi za porini zilikuwa zimeungua moto, halmashauri ikamwambia angoje, na yeye alimpenda mkewe kweli kweli, hilo tusimnyime. Akatazama upande wa pili. Jirani yake, mama mjane, alikuwa amelazwa hospitali ya mbali. Mzee akapanda, akachomoa nyasi kwenye paa la jirani, akaziba kwake.

Mkewe akauliza, "Baba, hizo nyasi umezipata wapi?"

"Kwa jirani. Hayupo, zinamkinga nani?"

"Na akirudi?"

"Akirudi tutaongea. Wewe lala."

Kila palipovuja, alirudi kule kule. Kisha akasogeza kitanda cha mkewe mpaka kwenye ukuta wa katikati, maana ndiko alikoona kukavu zaidi. Ninyi mngefanya vingine? Upande wake ukuta ulikuwa mkavu. Upande wa pili ulikuwa unanyeshewa, na udongo ukilowa unarudi kuwa tope. Asubuhi moja, akiwa jikoni anamkorogea uji, akasikia kishindo. Ukuta ulikuwa umemwangukia mama wa watu kitandani. Walipomfukua, alikuwa ameshakata roho.

Jirani aliruhusiwa hospitali, akarudi akakuta msiba. Akakaa mkekani karibu na mzee, akamshika mkono.

"Pole sana, baba. Mvua ya mwaka huu imetuonea. Hata kwangu paa limekwenda."

Mzee akainamisha kichwa. "Ni kweli, mama. Ni mvua."

Na mpaka anakufa hakusema jambo jingine.

Naona mnaguna. Mnamlaani mzee huyu? Taratibu. Sisi tumeezua paa la nani? La ndugu aliyeko gerezani, ambaye shamba lake tunalilima kama letu? La yatima tuliyeachiwa? La mgonjwa asiyeweza kuja kutudai? Tulisema hayupo, zinamkinga nani. Leo nyumba zetu zinaanguka, tunawafukua tunaowapenda kwa mikono hii hii iliyoezua, halafu tunakaa mkekani tunapokea pole na kusema ni mapenzi ya Mungu.

Ndugu zangu, Mungu anasingiziwa mengi katika kanisa hili. Tusimame tuombe, wale wanaoweza kusimama.