Kuhani na Sanamu ya Mwenzake

Wapendwa, huko Misri, enzi za Mafarao, kulikuwa na kuhani mmoja mwenye husuda. Huu ni mfano tu, msije mkamtafuta kwenye vitabu. Makuhani wa hekalu lake walikuwa na desturi: kila mmoja alichongewa sanamu ndogo ya jiwe, ikimwonyesha amechuchumaa magoti kifuani, haizidi ukubwa wa debe, ikawekwa uani. Waliopita waliimiminia maji na kulitaja jina lililoandikwa. Waliamini jina lisipotajwa, mwenyewe amepotea milele.

Sasa sanamu ya huyu kuhani ilikuwa kavu, vumbi tupu! Hatua tatu pembeni, sanamu ya kuhani mwenzake ilishinda imelowa. Watu walisimama pale, wakaizunguka, wakanong'ona huko nyuma, wakatabasamu. Moyo ukamchoma kuhani wetu. "Tumesoma pamoja, tumenyolewa vichwa siku moja, yeye ana nini nisicho nacho mimi?" Ikafika mahali hapiti tena upande ule. Akiliona lile jiwe, chakula hakishuki.

Mwaka mmoja ua ukajaa. Kwa desturi yao, sanamu zikibanana, baadhi zilizikwa kwa heshima katika shimo la hekalu, na kilichoshuka humo hakikupanda tena. Mkuu wa hekalu akamwambia kuhani wetu, "Safari hii za kuzikwa utachagua wewe." Jamani! Fisi kakabidhiwa bucha. Ya kwanza kunyooshewa kidole mnajua ilikuwa ya nani.

Mwenzake akamjia taratibu. "Ndugu yangu, umeizunguka kwanza?"

"Niizunguke ya nini? Mbele nimekuona, nyuma kutakuwa na jipya gani?"

"Haya. Kazi umepewa wewe."

Sanamu ikashushwa shimoni kwa kamba, ikalazwa kifudifudi. Ndipo, kwa mara ya kwanza, akauona mgongo wake. Ulikuwa na maandishi: "Wewe unayenipa maji, mtaje na ndugu yangu, asisahaulike." Na jina lililofuata lilikuwa lake yeye! Miaka yote ile, waliozunguka nyuma walikuwa wakimtaja yeye.

"Itoeni!" akapiga kelele. "Itoeni, nimekosea!"

Mkuu wa hekalu akatikisa kichwa. "Kilichoshuka hakipandi." Mchanga ukamwagwa.

Mbona kimya? Nani hapa hajawahi kuumwa roho kwa sababu mwenzake anapendwa? Tunaimba kwaya moja, sauti moja, na salamu hatupeani. Tunajua watu wanamzunguka mwenzetu. Tumewahi kusogea tusikie anawaombea akina nani? Huenda huyo anayekuchoma moyo ndiye anayekutaja mbele za Mungu kila alfajiri. Ulipougua ukapona, ulidhani ni dawa peke yake?

Yupo mtu umeshamchimbia shimo, na umemjua nilipoanza kusema. Amekaa humu humu. Ibada ikiisha, kabla hujamwaga mchanga, nenda kamzunguke.