Ufunguo wa Dalali Shekimweri

Si kale, ni juzi tu, alikuwepo Pangani dalali Shekimweri, ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa kelele zake. Bi Zamzam, mjane, alipochoka naye akampa dalali mwingine kazi ya kuuza nyumba yake, Shekimweri aliapa kwamba ufunguo aliokabidhiwa umempotea. Mlango ulikuwa wa mbao ya mninga, ulioachwa na marehemu mumewe. Bi Zamzam hakutaka uvunjwe.

Siku moja habari zikafika barazani kwamba nyumba imeuzwa. Kabla kahawa haijapoa vikombeni, Shekimweri alishamburuta mjane kwa mjumbe wa mtaa.

"Mnunuzi nilimleta mimi! Nataka udalali wangu!"

"Mnunuzi gani?" akauliza Bi Zamzam.

"Huyohuyo! Nilimwingiza mpaka jikoni!"

"Mjumbe, huyu hata kizingiti hakukivuka. Labda alichungulia dirishani."

"Mimi, nichungulie?" Shekimweri akachomoa kitu mfukoni, akakibamiza mezani. "Nilifungua kwa huu hapa!"

Bi Zamzam akauokota ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Ahsante, baba. Nyumba haijauzwa, habari nilizieneza mimi. Mteja anangoja mlangoni, na sasa nakwenda kumfungulia."