Shombo Ashtakiwa kwa Kuficha Moto

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo sauti au mbu? Paukwa!

— PAKAWAAA!

Haya, sasa mmeamka. Hii haimo kwenye vitabu vyenu, na mwalimu wenu akiijua, basi kaisikia kwangu.

Hapo kale, mawe yakiwa bado na midomo, paliishi paka jike akiitwa Shombo, jikoni kwa Bi Mwanapera. Wanawe walilala nyuma ya mafiga, palipo na joto. Siku moja ya masika, moto ukazimika. Desturi ya pale, moto ukizimika unachukua kigae, unakwenda kuomba kaa kwa jirani. Lakini Bi Mwanapera na jirani yake, Bi Msiwa, walikuwa wamenuniana. Akaona heri atafune unga mbichi!

Akachungulia jikoni gizani. Macho mawili yanang'aa.

"Kumbe! Shombo, moto wangu umeuficha machoni!"

"Mie, Bibi? Macho tu haya!"

"Utoe, au utakwenda porini na wanao, na mvua hii!"

Shombo akawatazama wanawe, hata macho hawajafumbua. 

Wakaitwa mahakimu: mafiga matatu.

— Mawe yanahukumu?

We Chiriku, kwani kichwani mwako mna nini? Tulia.

Figa la kwanza likasema, "Moto hupepewa." Bi Mwanapera akamsogezea Shombo makumbi ya nazi usoni, akashika kipepeo. Pepe, pepe, pepe! Moto haukuwaka. Shombo akapiga chafya.

Figa la pili likasema, "Mtoe uani." Kule mwangani, mboni za Shombo zikasinyaa, zikawa nyembamba kama uzi.

"Ameufungia mlango!"

"Sivyo, Bibi. Mwanga ukizidi nabana tundu. Gizani nalipanua."

Nani amsikilize paka?

Figa la tatu likasema, "Ingia naye pipani, ufunike."

Bi Mwanapera akaingia, na unene wake ule! Magoti kidevuni, paka magotini. Kifuniko, ti! Giza totoro.

"Shombo, mbona siuoni moto?"

"Sina, Bibi. Inua kifuniko kidogo."

Akainua. Mwanga ukapenya, macho yakang'aa. "Ehee!" Akafunika: giza. Akafunua: yanang'aa. Akafunika. Akafunua.

— Tena!

Nyie nanyi! Pipa lenu?

"Bibi," akasema Shombo, "nyuma ya jicho langu pana kitu kama kioo. Mwanga ukiingia, kinaurudisha. Usipoingia, nirudishe nini?"

Bi Mwanapera akasukuma kifuniko chote kando. Kisha: "Basi nani kauzima moto wangu?"

Mafiga yakatazamana. "Uji umetukaukia mpaka masikioni," likanong'ona la tatu. "Ulikuwa dirishani unamchungulia Bi Msiwa, chungu kikafurika."

Bi Mwanapera akajinasua pipani, akamrudisha Shombo kwa wanawe, akachukua kigae, akaumeza mnuno wake. Kufungua mlango, huyo Bi Msiwa, makumbi mkononi, kalowa chapachapa!

"Mwenzangu, yaishe. Moto wangu umezimika. Nimewasikia mkimshtaki uani. Niazime paka wako."

Bi Mwanapera hakucheka. Akamshika mkono. "Karibu, mwenzangu. Ingia kwanza pipani."

Na moto? Wakaenda kuuomba nyumba ya tatu, wote wawili wananuka pipa.

Basi, jambo usilolijua usilihukumu, lijaribu kwanza. Ngano yangu nimeiacha humo pipani. Anayebisha, aingie, nifunike.