Nguchiro Atafuta Sauti ya Tumu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kupika kama sisi, Nyati alifiwa na mkewe. Alibaki na mtoto mmoja, ndama aitwaye Tumu.

Matanga yalipokwisha, Nyati alirundika vitu vya marehemu katika chumba cha uani, akafunga kwa ufunguo. "Asitajwe tena hapa," alisema. "Mtoto asahau mapema."

Tumu hakusahau. Alinyamaza kimya. Siku ya saba akaacha hata kula.

Nguchiro, jirani yao mdogo, alimwona mbavu zimemtoka. Akawaza: nikimwambia Nyati kosa lake, atanikanyaga. Akabuni hila, akapiga hodi.

"Bwana mkubwa, sauti ya mwanao imeibwa."

"Na nani?"

"Kijidudu tu. Ameificha humu humu nyumbani mwako." Akanusa, fwi, fwi, fwi, mpaka mlango wa chumba cha uani. "Imo humu."

"Humo hamfunguliwi."

"Haya. Basi tujiandae kwa matanga mengine."

Nyati alichomoa ufunguo. Kisha ufunguo ukalia, kacha.

"Pembe weka kando," Nguchiro akamwambia. "Piga magoti. Nusa kitu kimoja kimoja, na ukitaje ni cha nani."

Nyati akapiga magoti, puu. Tumu alisimama mlangoni, anatazama.

"Ungo," alisema Nyati.

"Wa nani?"

"Wa... wa Mama Tumu. Akipepeta mtama alikuwa anaimba. Maneno yote anakosea."

Pua ile kubwa ikabaki ndani ya ungo. Mabega yakaanza kutikisika. Chozi likadondoka, to.

Nguchiro alijikunyata. Sasa ananiua, akawaza.

"Baba." Sauti ilikuwa nyembamba, inakwaruza. "Kumbe na wewe unamlilia?"

"Kila siku, mwanangu. Huwa naenda kulia kisimani, usinione."

"Mimi nilidhani umemchukia."

Nyati akamvuta kifuani, wakalia pamoja mpaka wakachoka. Kisha Tumu akasema, "Nataka uji. Mtama uupepete kwa ungo huo."

Nyati akamgeukia Nguchiro. "Na yule mdudu?"

"Hakuwapo, bwana mkubwa."

Nyati alipumua kwa nguvu hata vumbi likaruka. "Kaa," alisema. "Uji utatosha watatu."

Nami nawaachia hapo, wanangu, na neno moja la kwenda nalo: huzuni tunayomficha mtoto haimwepuki, yeye huibeba peke yake.